Hewa ya Kuonja

Katika nyumba ya mdogo wake Shema, Uwamwezi hakuwahi kumeza kitu ambacho Bella, mke wa Shema, hajakimeza kwanza. Hilo peke yake halikuwa jambo la ajabu. Kwao kinywaji hakimfikii mgeni kabla aliyekileta hajakionja mbele ya macho yake, iwe pombe ya ndizi, iwe chai, iwe maji ya kunywa tu. Lakini kwa wengine hiyo ni adabu. Mtu hugusisha midomo kwenye kikombe, akatabasamu, akakupa. Uwamwezi yeye alitazama koo. Alitaka kuliona koo la wifi yake likipanda na kushuka, kisha angoje kidogo, kama anayengoja sufuria ichemke, ndipo anyooshe mkono.

Alikuwa na sababu. Mama yao, Mukandori, alikufa miaka kumi na mmoja iliyopita, siku tatu baada ya kurudi kutoka harusini Bukavu. Hospitali ilisema ni ini. Uwamwezi alilisikia neno hilo akaliweka pembeni. Yeye alijua ni kikombe. Kikombe gani, cha nani, hakujua, na kwa sababu hakujua, kila mtu aliyevuka daraja la Rusizi kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, alimwona na kikombe mkononi. Na Bella alizaliwa ng'ambo. Wazazi wake walikuwa Wanyarwanda, naam, na alirudi nao akiwa msichana, lakini alikuwa bado anaongea Kiswahili cha Bukavu, anapika kama watu wa Bukavu, na anacheka kwa sauti yao.

Jumatatu hiyo Uwamwezi alikuwa ameshuka kutoka Bweyeye, kule milimani alikoolewa. Alitembea saa mbili hadi kupata gari, akafika Kamembe mchana na tope hadi magotini, begani mfuko wenye kidumu cha asali ya msituni. Hakuitoa asali. Aliusukuma mfuko chini ya kitanda na kuuliza alipo baba yake.

Mzee Ladislas alikuwa ameketi sebuleni juu ya kiti cha mito, miguu imevimba, mrija mwembamba umepita nyuma ya masikio na kuingia puani. Alikuwa na miaka sabini na sita. Ujana wake wote, kule Bugarama, aliupitisha akibeba mifuko ya saruji mgongoni na kuvuta tumbaku kali ili, kama alivyosema mwenyewe, vumbi lipate rafiki. Sasa hewa ilimwishia akivaa viatu. Pembeni yake palisimama boksi jeupe lenye magurudumu, kimo cha mbuzi mchanga, likikoroma bila kupumzika.

"Hii ndiyo mashine aliyosema Shema?" Uwamwezi aliuliza.

"Njo hii, Yaya," Bella alisema, akimwita kama wanavyomwita dada mkubwa. "Inavuta hewa ya nyumba, inachuja, inamupatia Muzee oksijeni. Tangu bailete analala vizuri. Hata miguu imeanza kupunguka."

Uwamwezi aliizunguka mashine kama anayekagua ng'ombe sokoni. Mbele kulikuwa na bomba dogo la kioo lenye namba, ndani yake kijipira cheusi kikielea, na chini yake kitufe cha kuzungusha. Juu ya kitufe mtu alikuwa amebandika kipande cha plasta na kuandika kwa kalamu ya bluu namba moja. Kijipira kilikuwa kimekaa kwenye moja. Namba zilipanda hadi tano.

"Hiyo nayo, umeionja?"

Bella alidhani ni mzaha. "Hewa, Yaya?"

"Inaingia mwilini mwa baba yangu. Onja."

Bella alimtazama Mzee. Mzee aliinua mabega. Basi Bella akauvua mrija kwa upole, akaupangusa ncha zake, akauweka puani mwake na kuvuta mara tatu huku wifi yake akiuangalia uso wake.

"Haina ladha," alisema.

"Usiimalize, mutoto," Mzee alisema kwa sauti ya mkwaruzo. "Hicho ni chakula changu."

Wote watatu walicheka, Uwamwezi kidogo kuliko wengine.

Kesho yake Bella alikwenda kwenye kibanda chake cha vitenge, na Uwamwezi akabaki na baba yake. Mzee alikuwa akihema kama kawaida yake, midomo imekunjwa kama anayepuliza chai. Uwamwezi alivumilia kumtazama kwa muda, kisha akauvua mrija na kuuweka puani mwake mwenyewe. Akangoja. Alitegemea ubaridi, upepo, kitu chochote. Hakusikia kitu. Ilikuwa sawa na kuvuta hewa ya chumbani.

Wanampa baba sahani tupu, alijisemea. Mashine inakoroma ili majirani wasikie, na ndani hamna kitu. Na ile namba moja, nani aliiandika? Plasta mtu yeyote anaibandika. Kalamu ya bluu ilikuwa pale pale, juu ya kabati la Bella.

Akazungusha kitufe. Kijipira kikapanda, mbili, tatu. Akaonja tena. Kilipofika tano, upepo mwembamba ulimwingia puani, mbichi na wa baridi, ukamkumbusha njia ya msituni asubuhi umande ukiwa bado juu ya majani. Hii sasa ndiyo hewa. Akaupangusa mrija kwa kitenge chake na kumrudishia baba yake.

Haikuchukua muda. Mashavu ya Mzee yakapata rangi. Kuhema kukatulia. Alimtazama binti yake kwa macho malegevu, akasema, "Leo hewa ni tamu," na kabla ya adhuhuri akalala usingizi mzito kama mtoto aliyenyonya akashiba. Uwamwezi aliketi karibu naye, akimpepea nzi, na machozi yakamlenga. Mara mbili kwa mwaka ndivyo alivyoweza kumwona baba yake, njia ikikubali. Angalau leo alikuwa amemfanyia kitu.

Jioni kijipira kilikuwa kimerudi kwenye moja.

Uwamwezi alikiona. Alikula baada ya Bella kula, akanywa baada ya Bella kunywa, na Jumatano asubuhi, Bella alipotoka kuchota maji, akakipandisha tena hadi tano. Kisha akatoka nje na beseni la nguo, akasimama nyuma ya kamba ya kuanikia, mahali ambapo dirisha la sebule linaonekana kati ya mashuka mawili.

Bella akaingia. Aliweka dumu chini. Akautazama mlango wa mbele, akautazama wa nyuma, kama mtu anayetaka kuchukua kisichokuwa chake. Halafu akainama upesi juu ya mashine, mkono ukazunguka, akainuka na kwenda jikoni akipangusa vidole kwenye kitenge.

Shuka lililolowa lilimgusa Uwamwezi usoni na hakulihisi. Alikuwa ameona. Hakuambiwa na jirani wala hakuota. Aliona kwa macho yake mkono ukimkatia baba yake pumzi.

Alipoingia, Mzee alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Kinauma, Papa?"

"Tangu asubuhi." Maneno yalitoka moja moja, yakiburuta miguu. Mikono yake ilikuwa ya moto na myekundu. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kisha uso wake ukafunguka kwa furaha. "Mukandori. Umerudi salama kutoka harusini?"

Katika miaka kumi na mmoja baba yake hakuwahi kulitaja jina la marehemu pamoja na harusi ile. Sasa anamwona, na anamkaribisha.

Alimfuata Bella jikoni. Bella alikuwa akimenya viazi vitamu.

"Umempa nini baba yangu?"

"Chai na mukate, Yaya. Nilionja. Uliniona."

"Nilikuona, ndiyo. Nilikuona dirishani pia."

Kisu kilisimama juu ya kiazi. Hilo likamtosha Uwamwezi. Mtu asiye na hatia hupiga kelele, alifikiri. Huyu anatafuta maneno.

Alimpigia simu Shema, ambaye alikuwa njiani na lori lake, upande wa Tanzania.

"Yaya, nisikilize," Shema alisema, sauti ikikatika. "Mashine iliwekwa na muganga wa kituo cha afya. Bella alifundishwa kuitumia."

"Mashine sina shida nayo. Nina shida na mkono."

"Mukono gani?"

"Wa mkeo. Anafunga hewa Mzee akiwa amelala. Mzee ameanza kuongea na mama. Unajua maana yake nini, au umesahau jinsi mama alivyoondoka?"

Honi za malori zilisikika huko aliko. "Ngoja nifike," Shema alisema hatimaye. "Jumamosi niko nyumbani. Usifanye kitu kabla ya Jumamosi."

"Jumamosi utamkuta Bweyeye," Uwamwezi alisema. "Pikapu ya mwalimu Uwiringiyimana inapanda kesho saa tatu asubuhi. Ninamchukua. Kule hewa ya msitu ni safi, na haina kitufe."

Bella alikuwa amesimama mlangoni, kiazi mkononi. "Yaya," alisema kwa sauti ndogo, "ukimupeleka kule juu atakufa."

Mwingine angelichukua hilo kama onyo. Uwamwezi alilichukua kama ahadi. Alimpita Bella bila kumgusa, akavuta kiti, akakiweka kati ya mashine na mlango, akazungusha kitufe hadi tano na kuketi, mkono juu ya boksi jeupe kama mtu aliyeshika mbuzi wake sokoni. Bella aliposogea na sahani, aliambiwa aiweke mezani. Aliposogea bila sahani, aliambiwa arudi alikotoka. Mara mbili Bella alianza kusema jambo kuhusu ile plasta, na mara mbili Uwamwezi alimwambia, "Umeiandika vizuri. Shule ulisoma."

Usiku kucha hakuondoka pale. Kijipira kilikaa juu, kimetulia. Baba yake alilala, na katika usingizi wake hakukuwa na kuhema wala kukohoa. Kabla ya kusinzia kidogo alfajiri, Uwamwezi alijipongeza.

Kulipokucha alimwita ili amvalishe, na Mzee hakuitika.

Alimtikisa bega. Kope zilitetemeka, zikatulia. Alimwita kwa jina lake la ubatizo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Mzee aliguna kutoka mbali na kichwa kikaanguka pembeni. Alikuwa na joto, jasho jembamba limemtoka kwenye paji, mashavu mekundu.

"Amemuua," Uwamwezi alisema. Hakumwambia mtu. Alilisema tu. Halafu akajiuliza ni lini. Mkono wake ulikuwa juu ya mashine muda wote. Chai Mzee hakunywa. Chakula hakula. Bella hakukaribia. Aliupitia usiku mzima akitafuta mlango ambao sumu ingepitia, akaukosa, na huko kukosa kukamtisha zaidi.

Pikipiki ilisimama nje. Bella aliingia na kijana mwembamba aliyevaa koti la mvua, begi begani. Uwamwezi alimjua kwa jina: Kubwimana, muuguzi wa kituo cha afya.

"Nimemuita mimi," Bella alisema. "Yaya, unaweza kunipiga kisha. Sasa mupishe apite."

Muuguzi hakungoja. Alipiga goti, akamfinya Mzee kwenye kucha, akasikiliza kifua, akambana kidole kwa kibanio kidogo cha kupima hewa mwilini, chenye taa nyekundu. Namba zikatokea. Uwamwezi aliziona kutoka kwenye kiti chake na akashusha pumzi.

"Tisini na tisa," alisema. "Kwa mia. Hata mwalimu hakuwahi kunipa maksi hizo. Kwa hiyo hewa anayo. Tafuta kitu kingine walichompa."

"Maman, kwa mtu kama baba yako hizo ni nyingi mno." Kubwimana alikuwa tayari kwenye simu, akiomba gari la wagonjwa. Aliambiwa liko Bugarama, lingechukua kama saa moja. Alikata simu na kutazama kijipira. Akatazama plasta. "Hii moja niliiandika mimi. Niliibandika mwenyewe, mbele ya Bella. Nani ameweka tano?"

Uwamwezi alimgeukia Bella. Sasa atasema, alifikiri. Ana shahidi, ana muganga, ana namba iliyoandikwa. Atanyoosha kidole na kusema ni huyu. Ndivyo ambavyo yeye mwenyewe angefanya, na bila kusita.

Bella alikuwa akitazama sakafu. Alisema, "Tuko wawili humu ndani, muganga. Saidia Muzee kwanza."

Uwamwezi alingoja asikie zaidi. Hakukuwa na zaidi. Mtu aliyeleta kikombe cha sumu hangeiacha nafasi hiyo impite.

"Ni mimi," alisema. "Niliionja ile ya moja, haikuwa na kitu. Nikaongeza hadi niisikie."

Kubwimana alinyoosha mkono kuelekea kwenye kitufe. Mkono wa Uwamwezi ukawahi, ukakifunika. Kukiri ni jambo moja. Kuachia ni jambo jingine.

"Unataka kumpunguzia na haamki?"

"Ndiyo."

"Na akifa?"

Kijana hakumsukuma. Alivua saa yake ya mkononi na kumpa. "Hesabu pumzi zake kwa dakika moja. Mimi unaweza kunishuku, na Bella unamshuku. Kifua cha baba yako huwezi kukishuku. Hesabu."

Uwamwezi aliishika saa kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado uko kwenye kitufe. Kifua kikapanda. Akangoja. Akangoja tena. Mshale ulipomaliza mzunguko alikuwa amehesabu saba.

"Sasa zako."

Kumi na nane, na alikuwa ameketi tu.

"Hayo mapafu yamezoea njaa," Kubwimana alisema haraka haraka, huku akimnyanyua Mzee na kumwegemeza kwenye mito. "Mwili wake umekaa miaka na hewa kidogo, na njaa hiyo ndiyo inayousukuma kuvuta. Ukiushibisha unalegea. Anavuta mara chache, na hewa chafu iliyo ndani haipati njia ya kutoka, inampanda kichwani. Kichwa kinauma. Anasinzia. Anaona watu ambao hawapo. Mwisho haamki. Na ukimnyima kabisa, moyo unasukuma kwa nguvu hadi unavimba. Miguu yake umeiona. Ndiyo maana niliandika moja. Si sifuri, si tano."

Kichwa kinauma. Anasinzia. Anaona watu ambao hawapo. Uwamwezi alikuwa amevihesabu vyote hivyo tangu Jumanne, kimoja kimoja, na kila kimoja alikuwa amekiweka kwenye kikombe cha Bella.

Nje honi ikalia. Pikapu ya Bweyeye ilikuwa imefika, na dereva hakuwa mtu wa subira.

"Na huko juu?" aliuliza.

"Huko juu hewa yenyewe ni nyembamba. Moyo wako umezoea. Wake utakuwa unapanda kilima hata akiwa amelala."

Honi ikalia tena, ndefu. Uwamwezi aliondoa mkono.

Kubwimana alizungusha kitufe. Kijipira kikashuka, tano, nne, tatu, kikakaa kwenye moja. Kwenye kidole cha Mzee namba ikaanza kushuka nayo. Tisini na nane. Tisini na saba.

"Inashuka," Uwamwezi alisema.

"Iache ishuke. Hesabu pumzi."

Saba. Muuguzi alimpigapiga Mzee shavuni. "Papa Ladislas. Vuta. Toa. Vuta tena." Tisini na tano. Saba tena, na Uwamwezi akaanza kuwaza kwamba amedanganywa, kwamba hawa wawili wamepatana kabla, kwamba yeye mpumbavu amefungua mlango kwa mkono wake mwenyewe. Tisini na tatu. Bella alikuwa amepiga magoti upande wa pili, anamsugua Mzee miguu ile iliyovimba, anamwita kwa sauti ya chini, "Muzee, Muzee, amuka, chai yako inapoa," na hakukuwa na chai yoyote.

"Tisa," Uwamwezi alisema. Alidhani amekosea. Akahesabu upya. Tisa.

Tisini na moja. Kumi na moja. Kwenye kibanio namba ikafika tisini, ikayumba, ikabaki hapo. "Hapo hapo," Kubwimana alisema. "Hapo ndipo kwake." Kifua cha Mzee kilianza kufanya kazi kama kilivyozoea, kwa shida, kwa kelele, midomo ikakunjwa kupuliza chai isiyokuwepo. Kumi na nne. Uwamwezi hakuwahi kudhani kwamba mhemo ule wa kutia huruma ungemfurahisha kuusikia.

Honi ikalia mara ya tatu. Jicho moja la Mzee likafunguka.

"Nani huyo anapiga honi?" aliuliza. "Mwambieni tumesikia."

Uwamwezi alitoka nje kumwambia dereva aende. Alipofika kwenye pikapu akapunga mkono tu, na dereva, ambaye alikuwa na magunia ya kupeleka, akaondoka akilalamika.

Gari la wagonjwa lilimchukua Mzee, akalazwa siku nne. Shema alifika Jumamosi, akawakuta wanawake wawili kwenye benchi moja la hospitali, kati yao nafasi ya mtu mmoja. Aliketi katikati.

Ilikuwa siku ya tatu pale bencheni, Shema amekwenda kutafuta maji, ambapo Uwamwezi aliuliza alichokuwa akikigeuza kichwani. "Kwa nini hukuniambia? Jumanne ulikuta tano. Kwa nini ulizungusha kimya kimya kama mwizi?"

"Nilikuogopa," Bella alisema. "Nikikuambia umekosea, utasema namukatia Muzee hewa. Nikasema bora nirudishe tu, utaenda zako. Na mimi nilikosea, Yaya. Ningepiga kelele tangu siku ya kwanza."

"Ningesema unamkatia hewa, ndiyo," Uwamwezi alikubali.

"Batu wa kwenu munapenda sana makoo ya batu," Bella alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alicheka kile kicheko chake cha ng'ambo.

Jumatano ya wiki iliyofuata Mzee alikuwa amerudi kwenye kiti chake, mashine inakoroma, kijipira kwenye moja. Juu ya plasta ya zamani Kubwimana alikuwa amebandika mpya, pana zaidi, na chini ya namba ameandika: HAISIKIKI. NDIVYO ILIVYO. Mzee alisema hilo ndilo lingefaa kuandikwa juu ya kaburi lake, na wote wakamwambia anyamaze.

Uwamwezi alikuwa amefunga kitambaa kichwani, tayari kwa safari. Bella alileta uji wa mtama kwenye kikombe kikubwa na, kwa mazoea, akakiinua mdomoni.

"Lete," Uwamwezi alisema.

"Bado sijaonja."

"Naona. Lete."

Alikipokea kwa mikono miwili na kunywa mkupuo mrefu, macho ameyafumba. Alipoyafumbua, Bella na Mzee walikuwa wanamtazama.

"Hukutia sukari," alisema.

"Imeisha tangu jana. Nilitaka kuonja nikuombe msamaha kabla hujakunywa."

Uwamwezi aliweka kikombe chini. Akaingia chumbani, akapiga magoti, akauvuta mfuko kutoka chini ya kitanda ulikokuwa siku tisa. Alirudi na kidumu cha asali, nyeusi, nzito, yenye harufu ya maua ya msitu wa Nyungwe, akakifungua na kukisogeza mbele ya wifi yake pamoja na kijiko.

Bella hakukishika kijiko. Alikunja mikono kifuani.

"Hiyo nayo, umeionja?" aliuliza.

Mzee alianza kucheka, akakohoa, akashika mrija usimtoke. Uwamwezi alichota asali kijiko kizima na kukitia mdomoni. Halafu akaufungua mtandio wake shingoni, akainua kidevu juu kuelekea dirishani kwenye mwanga, ili koo lake lionekane vizuri, na kumeza.

Bella alilitazama koo likipanda na kushuka. Akangoja kidogo. Ndipo aliponyoosha mkono.